Byang Kato: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jina la Byang Kato hutajwa sana madarasani na mimbarini, lakini vitabu vyake havisomwi kwa kiasi hicho hicho. Maswali haya ndiyo yanayorudi tena na tena kutoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Biblia, wachungaji na viongozi wa vikundi vya kujifunza. Tumeanza na ya msingi. Anayeyafahamu maisha yake anaweza kwenda moja kwa moja swali la 9.

## Maisha yake

1. Byang Kato ni nani?

Ni mwanatheolojia wa Nigeria aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Wakristo wa Kiinjili wa Afrika na Madagaska (AEAM), wenye makao Nairobi, kuanzia 1973 hadi alipofariki Desemba 1975. Wengi humwita baba wa theolojia ya kiinjili ya Afrika ya zama hizi. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Wakristo wa Afrika wana haki na wajibu wa kuifikiri imani yao wenyewe, ila Biblia ndiyo iwe hakimu wa fikra hizo, si utamaduni.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: maandishi yake yenye uzito yalitoka katika miaka michache ya mwisho wa maisha yake, naye alikufa akiwa na miaka 39. Tunachosoma ni kazi ya mtu ambaye hakupata muda wa kujibu wakosoaji wala kuandika toleo la pili.

2. Alizaliwa wapi, na katika dini gani?

Alizaliwa 23 Juni 1936 huko Kwoi, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Kaduna, Nigeria. Wazazi wake, Heri na Zawi, walifuata dini ya jadi ya Wajaba, watu ambao wenyewe hujiita Ham. Ni nchi ile ile ya Nok, palipochimbuliwa vinyago vya udongo vinavyojulikana duniani kote. Akiwa bado mtoto mchanga aliwekwa wakfu ili aje kuwa kuhani wa dini hiyo, na alipofika miaka kumi hivi alipitia taratibu za kuwaingiza wavulana katika utu uzima.

Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi anasemwa kama mtu aliyezihukumu dini za jadi akiwa nje. Alizihukumu, tena kwa ukali, lakini alizijua kwa ndani. Sehemu anazoeleza imani za Wajaba ni miongoni mwa zilizo bora katika kitabu chake.

3. Aliokoka lini?

Mwaka 1948, akiwa na miaka 12. Alikuwa mwanafunzi katika shule ya SIM (Sudan Interior Mission), shirika la wamishenari, na kilichomgusa ni kisa cha safina ya Nuhu alichosimuliwa na mwalimu mmishenari. Baba yake hakufurahia, na kijana alilazimika kuyashika yote mawili, shule na kazi za shamba.

4. Alisomea wapi?

Alisoma Chuo cha Biblia cha Igbaja, Nigeria, 1955 hadi 1957. Mwaka huo wa 1957 alimwoa Jummai Gandu, wakajaliwa watoto watatu. Baadaye alifundisha, akafanya kazi ya uandishi katika gazeti la Kikristo mjini Lagos, na wakati huo huo akajisomea kwa njia ya posta hadi akapata vyeti vya kumwingiza chuo kikuu.

Kutoka 1963 hadi 1966 alikuwa London Bible College, akapata shahada ya kwanza ya theolojia ya Chuo Kikuu cha London. Aliporudi alikuwa katibu mkuu wa kanisa lake, ECWA, 1967 hadi 1970. Halafu akaenda Dallas Theological Seminary, Marekani, akatunukiwa uzamivu wa theolojia mwaka 1974. Kipindi cha Dallas kisipuuzwe. Seminari hiyo ina msimamo wake mahususi kuhusu siku za mwisho, na msimamo huo unaonekana wazi Kato anapomjibu John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya (swali la 16).

5. Alifikaje Nairobi?

AEAM iliundwa Limuru, Kenya, mwaka 1966. Mkutano mkuu wa pili ulifanyika hapo hapo Limuru mwanzoni mwa 1973, na Kato akachaguliwa katibu mkuu, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Julai 1974 alikuwa Lausanne, Uswisi, kwenye kongamano la kimataifa la uinjilisti, ambako aliwasilisha mada juu ya Injili, utamaduni na hatari ya kuchanganya dini. Mwaka huo huo akawa makamu wa rais wa ushirika wa kiinjili wa dunia.

Hiki kilikuwa kipindi cha joto. Rais Mobutu alikuwa amewaagiza wananchi wa Zaire kuacha majina ya Kikristo mwaka 1972. Nchini Chad, Rais Tombalbaye aliwalazimisha watu, Wakristo wakiwemo, kupitia jando la jadi liitwalo yondo, na waliokataa waliteswa. Sera hizi zote zilitangazwa kwa jina la kurudi kwenye asili ya Mwafrika. Ukimsoma Kato bila kuliona hilo utamwona mtu anayepiga kelele bure.

6. Alikufaje?

Alizama baharini Mombasa tarehe 19 Desemba 1975, akiwa likizoni na familia yake. Siku tisa kabla ya hapo, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikuwa limemaliza mkutano wake mkuu wa tano mjini Nairobi, mji ule ule aliofanyia kazi.

## Maandishi yake

7. Aliandika vitabu gani?

Kikubwa ni *Theological Pitfalls in Africa*, yaani mitego ya kitheolojia barani Afrika, kilichochapishwa na Evangel Publishing House, Kisumu, mwaka 1975. Kinatokana na tasnifu yake ya Dallas ya 1974, ambayo ina jina refu tofauti. Kuna pia *African Cultural Revolution and the Christian Faith*, kilichotoka Jos mwaka 1976 baada ya kifo chake na kinachogusa habari za Chad. Kuna kijitabu kuhusu ulimwengu wa roho, na *Biblical Christianity in Africa* (1985), mkusanyiko wa mihadhara na makala.

Vyote aliviandika kwa Kiingereza. Kundi la Waswahili linalotaka kumsoma litafute mtu mmoja wa kuandaa muhtasari wa kila sura kwa Kiswahili kabla ya kikao. Kutafsiri papo kwa papo huwa kunaharibu hoja, kwa kuwa Kato hutofautisha istilahi kwa uangalifu.

8. Nianze na kipi, na kwa mpangilio gani?

Wengi hufungua *Theological Pitfalls* ukurasa wa kwanza na kukwama katikati, kwenye historia ya mikutano ya makanisa. Mpangilio huu hufanya kazi vizuri zaidi:

1. Anza na mkusanyiko wa 1985. Ni mfupi, na sauti yake ni ya mtu anayezungumza na kanisa, si anayetetea tasnifu mbele ya watahini.
2. Fungua *Theological Pitfalls* mwishoni, penye mapendekezo yake kumi (swali la 14). Hapo utajua anaelekea wapi.
3. Rudi kwenye sura za dini ya Wajaba. Andika pembeni kila anapokubali kwamba kuna ujuzi wa Mungu, na kila anapokataa kwamba kuna wokovu.
4. Soma sura za Mbiti ukiwa na vitabu vya Mbiti mezani. Usikubali nukuu yoyote bila kuitazama ilikotoka.
5. Sehemu za mikutano ya Ibadan 1958, Kampala 1963 na Abidjan 1969 ziweke mwisho. Asiyeandika juu ya historia ya vyama vya makanisa anaweza kuzipitia haraka tu.

Kwa kupata nakala, anzia maktaba za vyuo vya theolojia. Tafuta kwa jina la mwandishi, maana jina la kitabu huorodheshwa kwa namna tofauti.

## Hoja zake

9. Mtego aliouogopa ni upi hasa?

Ni universalizimu, yaani fundisho kwamba mwishowe kila mwanadamu ataokoka, awe amemwamini Kristo au la. Kato hakusema kwamba wanatheolojia wa Afrika walikuwa wanalihubiri waziwazi. Alisema mbegu yake ilikuwa imeanza kuota. Ukisifu dini za jadi kiasi cha kuzifanya njia halali ya kumfikia Mungu, ukaliacha jambo la hukumu bila kulisema, na ukaweka umoja wa makanisa mbele ya mafundisho, basi utafika huko hata kama hukukusudia.

Sababu alizoziona zilikuwa mchanganyiko wa huruma, siasa na udhaifu wa mafundisho. Watu waliwahurumia mababu zao. Walitaka, baada ya ukoloni, kurudisha heshima ya Mwafrika. Na makanisa mengi yalikuwa na waumini wengi wasiojua Biblia. Hili la tatu ndilo alilolipa uzito wa pekee, na ndilo lililozaa mipango ya vyuo (swali la 18).

Udhaifu wa hoja yenyewe ni kwamba ni hoja ya mteremko: anamhukumu mtu kwa mahali anapodhani ataishia. Mara nyingine ushahidi anaouleta unatosha, mara nyingine hautoshi.

10. Je, Kato alipinga utamaduni wa Kiafrika?

Hapana, japo hili ndilo swali linalojibiwa vibaya kuliko yote, na wafuasi wake hukosea sawa na wapinzani wake.

Alitofautisha yaliyomo katika Injili na namna ya kuyaeleza. Yaliyomo hayabadiliki: Mungu mmoja, Kristo aliyekufa na kufufuka, toba, imani, hukumu. Namna ya kuyaeleza lazima ibadilike: lugha, muziki, ibada, mavazi, mtindo wa kufundisha. Pendekezo la pili kati ya yale kumi linadai kabisa kwamba Ukristo uelezwe katika mazingira halisi ya Kiafrika. Alikuwa miongoni mwa wanatheolojia wa kiinjili waliowahi mapema kulitetea wazo la kuiweka Injili katika muktadha, wakati wenzake wengi walikuwa bado wanalishuku.

Penye mgongano, kwake, utamaduni ndio unaopisha. Muumini ni Mkristo kwanza, Mwafrika baadaye. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wengine huisikia kauli hiyo kana kwamba anasema uwe Mzungu kwanza. Hakusema hivyo, na alipoeleza kanisa la kale alijivunia kwamba akina Athanasio, askofu wa Aleksandria huko Misri, walikuwa watu wa bara hili.

Lakini tusimsafishe kupita kiasi. Mgawanyo wa yaliyomo na namna ya kueleza ni rahisi kuuandika na mgumu kuutumia. Chukua tambiko la kumwaga kinywaji chini wakati wa mazishi. Je, ni namna ya kuonyesha heshima, au ni sala kwa wafu? Mchungaji wa kijijini anahitaji jibu la hilo, na Kato anampa kanuni bila kumpa hatua za kuitumia. Anayefundisha somo hili aongeze hatua hizo mwenyewe: waulize wazee maana ya kila tendo, angalia linaelekezwa kwa nani, lilinganishe na Maandiko, kisha kanisa liamue pamoja nini kibaki, nini kibadilishwe na nini kiachwe.

11. Alisema nini kuhusu dini za jadi?

Alikubali kwamba ziko na ujuzi wa Mungu Muumba. Huo ndio ufunuo wa jumla, na maandiko yake ya msingi hapa ni Zaburi ya 19 na Warumi 1. Alichokataa ni kwamba ufunuo huo unaokoa. Kwa Paulo, kama anavyomsoma Kato, ujuzi wa Mungu kupitia uumbaji unamwacha mwanadamu bila udhuru, haumpi wokovu. Dini za jadi basi zinaonyesha njaa ya Mungu, wala si mlo wenyewe. Aya anayoirudia ni Matendo 4:12: "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote."

Kuhusu roho na nguvu za giza, hakuwa mtu wa kucheka. Wamishenari kadhaa walizichukua habari hizo kama ushirikina tu. Kato alizichukua kama mambo halisi yanayohitaji jibu la Biblia, na ndiyo maana akaandika kijitabu kizima.

12. Je, mababu waliokufa kabla ya Injili kufika wamepotea?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na Kato hakulikwepa. Msimamo wake ni kwamba nje ya Kristo hakuna wokovu, na Maandiko hayatoi njia nyingine kwa wasiomsikia. Huruma kwa wazee wetu, alisema, isitufanye tuandike fundisho ambalo Mungu hakulitoa.

Anayelifundisha jambo hili asiliseme kwa wepesi. Katika chumba chochote yupo aliyemzika bibi asiyewahi kusikia jina la Yesu. Pia ajue kwamba wanatheolojia wa kiinjili duniani hawajakubaliana wote juu ya watu wasiowahi kusikia. Kato yuko upande ulio mkali zaidi.

13. Kwa nini hakuipenda "theolojia ya Kiafrika"?

Aliona kwamba ukiipa theolojia jina la bara, karibu utamaduni wa bara hilo ugeuke chanzo cha mafundisho, ulingane na Biblia au uishinde. Alipendelea kusema "Ukristo wa Kibiblia katika Afrika". Kwa sababu hiyo hiyo aliikosoa theolojia ya Weusi, ile inayoanzia kwenye uzoefu wa Weusi walioonewa: alikubali kwamba ubaguzi ni dhambi, akakataa kwamba uzoefu wa kuonewa uwe ndio kipimo cha ukweli.

Leo watu wanaofuata nyayo zake hutumia maneno "theolojia ya Kiafrika" bila woga wowote. Vita juu ya jina vimekwisha.

14. Mapendekezo kumi ni yapi?

Yanahitimisha *Theological Pitfalls*. Kwa maneno yetu ni haya: kushika misingi ya Ukristo wa kihistoria, kuueleza Ukristo kwa namna ya Kiafrika, kuwafunza watu Maandiko pamoja na lugha ambazo Biblia iliandikwa kwanza, kuzichunguza kwa makini dini za jadi na dini nyingine, kuhubiri Injili kwa bidii, kuimarisha vyombo vya ushirikiano kwa msingi wa mafundisho, kufafanua istilahi kwa usahihi, kuitetea imani dhidi ya mifumo isiyo ya Kibiblia, kujali mahitaji ya jamii huku wokovu wa mtu ukibaki lengo la kwanza, na kuwa tayari kuteseka au kufa kwa ajili ya imani, kama Polikapo, Athanasio na Luther.

La tatu na la saba husahauliwa kuliko yote, labda kwa sababu hayapigiwi makofi.

15. Alikuwa na msimamo gani kuhusu kusitisha wamishenari?

Aliupinga. Wito wa kusitisha kwa muda wamishenari na fedha kutoka nje ulitolewa na John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukauunga mkono. Kato alijibu kwamba kanisa ni mwili mmoja ulimwenguni, na amri ya kwenda kuhubiri haina likizo.

Kwa upande wa Gatu ilikuwepo hoja nzito: kanisa lisilowahi kujitegemea halitajua nguvu zake. Vyombo alivyovipigania Kato mwenyewe vilitegemea sana misaada ya nje. Hilo wakosoaji wake walikuwa na haki ya kulitaja.

## Kato na wengine

16. Kato na John Mbiti walitofautiana wapi?

Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Vitabu viwili ndivyo vilivyomgusa Kato: *African Religions and Philosophy* (1969) na *New Testament Eschatology in an African Background* (1971).

Mbiti alidai kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati wa aina mbili, ambazo aliziita kwa maneno ya Kiswahili: sasa na zamani. Mambo yajayo, kwa maoni yake, hayana uzito yakivuka miezi michache au, kwa nadra, miaka miwili. Ushahidi wake aliuchota katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, hivyo anayemjibu kwa kumtajia kesho na mtondo za Kiswahili hajamjibu bado. Jibu zito lilitoka kwa wanafalsafa kama Kwame Gyekye wa Ghana, aliyeonyesha kwamba Waakani wana dhana ya wakati ujao.

Kutoka hapo Mbiti aliwakosoa wamishenari wa Ukambani kwa kufundisha siku za mwisho kama ratiba ya matukio, na kwa kuchukua moto, mji na hazina vya mbinguni kama vitu vya kushikika. Yeye aliviona kama alama zinazotimia katika Kristo na katika sakramenti. Kato akaona kwamba tumaini la kurudi kwa Kristo linayeyushwa, na kwamba kitabu kinaishia kufungua mlango wa wokovu kwa wote.

Hapo palikuwa pia na mgongano wa shule mbili. Mbiti alikuwa ameandika tasnifu yake Cambridge, Kato alikuwa ametoka Dallas. Sehemu ya ugomvi wao haina uhusiano na Afrika hata kidogo.

17. Je, alimtendea haki Mbiti? Na Idowu?

Kwa Mbiti, kwa sehemu. Alikuwa sahihi kwamba dokezo la wokovu wa wote limo. Alikosea alipomsoma kana kwamba kila sifa kwa dini za jadi ni hatua ya kumwacha Kristo; Mbiti alikuwa mchungaji, na Agano Jipya ndilo lililokuwa somo lake.

Bolaji Idowu, Mnigeria mwenzake wa kanisa la Kimethodisti, alisisitiza kwamba dini ya Wayoruba ina Mungu mmoja aliye juu ya yote, na miungu midogo ni wahudumu wake. Kato alijibu kwamba tendo la ibada ndilo linaloonyesha mtu anamwabudu nani, si maelezo ya msomi juu ya ibada hiyo. Hapa tunaona Kato yuko imara kuliko alivyo mbele ya Mbiti.

18. Ni yeye aliyeanzisha NEGST (Nairobi Evangelical Graduate School of Theology), chuo cha theolojia cha Nairobi?

Sivyo, ingawa husemwa hivyo mara nyingi. Alitoa wazo na msukumo: shule mbili za theolojia za ngazi ya juu, moja ya wasemao Kifaransa na nyingine ya wasemao Kiingereza, ili Waafrika wasilazimike kwenda ng'ambo. Ya Kifaransa, iliyoko Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ilifunguliwa 1977, miaka miwili baada ya kifo chake. NEGST ya Nairobi ilifunguliwa 1983, na leo ni sehemu ya Africa International University iliyoko Karen. Baraza la ithibati la vyuo vya theolojia, ACTEA, lilianza 1976. Kazi ya ofisi aliirithi Mnigeria mwingine, Tokunboh Adeyemo, mwaka 1978, ambaye baadaye alikuwa mhariri mkuu wa fafanuzi ya Biblia ya Kiafrika iliyotoka 2006.

19. AEAM na AACC ni kitu kimoja?

Hapana, na wote wawili wana makao Nairobi, ndiyo maana huchanganywa. AACC ni chombo cha makanisa ya Afrika yote kilichozinduliwa Kampala 1963 na chenye uhusiano wa karibu na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. AEAM, ambayo sasa ni AEA, ni ya makanisa ya kiinjili. Kato aliikosoa ya kwanza akiwa kiongozi wa ya pili.

20. Wakosoaji wake wakuu ni nani?

Aliyemchambua kwa kina zaidi ni Kwame Bediako wa Ghana, Mpresbiteri na mtu wa kiinjili yeye mwenyewe, katika kitabu cha 1992 kuhusu theolojia na utambulisho. Bediako anasema Kato aliitenga Biblia na historia ya Mwafrika, kana kwamba Mungu hakuwa amefanya lolote hapa kabla ya wamishenari. Anakumbusha kwamba Biblia ilipotafsiriwa, ilitumia majina ya Mungu ambayo watu walikuwa nayo tayari.

Wengine wamemtetea, hasa katika jarida la theolojia ya kiinjili lililokuwa likitolewa Scott Theological College, Machakos. Utetezi wao mzuri ni kurudi kwenye mihadhara yake ya mwisho, ambamo anazungumzia utamaduni kwa ukarimu kuliko ndani ya tasnifu.

## Kwa wanafunzi na wahubiri

21. Makosa gani hujirudia katika insha kuhusu Kato?

- Kuweka mwaka 1974 kwenye kitabu. Tasnifu ni 1974, kitabu ni 1975.
- Kumwita Mhausa. Alikuwa Mham, au Mjaba kwa jina walilopewa na wengine.
- Kumnukuu Mbiti kutoka ndani ya Kato. Mtahini anayezijua kazi za Mbiti ataliona mara moja.
- Kuandika kwamba alikataa muktadha. Tazama swali la 10.
- Kumweka kama mpinzani wa Bediako katika mdahalo. Hawakuwahi kujibizana, Bediako aliandika miaka kumi na saba baada ya kifo chake.
- Kumaliza kwa kusema "pande zote mbili zina ukweli" bila kusema ni ukweli upi. Chagua hoja moja, kwa mfano Warumi 1:18–23, ioneshe Kato anavyoisoma na Idowu anavyoweza kujibu, kisha useme nani anaifuata aya vizuri zaidi.

22. Je, alipinga injili ya mafanikio?

Hakuandika juu yake. Wimbi hilo lilipanda Afrika baada yake. Unaweza kuonyesha kwamba kanuni zake zinagongana nalo, lakini sema wazi kwamba hitimisho ni lako.

23. Kanisa letu linataka kumjadili kwa vikao vichache. Tufanyeje?

Vikao vinne vya saa moja na nusu vinatosha. Kikao cha kwanza: maisha yake na hali ya Afrika ya 1970 hadi 1975. Cha pili: Warumi 1 na Zaburi ya 19, kwanza bila Kato, halafu pamoja na maelezo yake. Cha tatu: leteni mila moja ya kwenu, moja tu, muipitishe katika hatua za swali la 10, mkileta tatu hamtamaliza hata moja. Cha nne: mapendekezo kumi, na kila mmoja aseme ni lipi kanisa lenu limelifanya na lipi halijaguswa.

Mwalikeni mzee anayeijua mila hiyo aje kikao cha tatu, hata kama si mshirika wa kanisa lenu. Vijana wakijadili matambiko ambayo hawajawahi kuyaona, saa nzima huishia kwenye kubahatisha.